Vita Huamuliwa Bomani

“Mjomba, nipe dakika mbili tu. Watu wangu wana njaa.”

Mpwa wangu hakuinua macho alipoyasema hayo. Alikuwa ameketi mkekani sebuleni kwa dada yangu, hapa Mamboleo, Kisumu, kipakatalishi mbele yake na pedi mkononi. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, hata malori yaliyokuwa yakipanda kuelekea Kakamega hayakusikika. Nilisogea nikachungulia. Niliona mwanakondoo mdogo mwenye taji jekundu akihangaika kati ya vitanda, mashamba na jiko la moto, na kundi la wanyama wengine likimngoja awape chakula. Dakika chache kabla ya hapo, mwanakondoo huyohuyo alikuwa msituni akifyeka maadui kwa upanga. Sasa anapika uji.

Nilikaa naye hadi usiku ukaingia. Katika vibanda vya PS vya mtaa huu nimezoea kuwaona vijana wakicheza kandanda, wakipiga kelele za bao hadi barabarani, mchezo ukiisha wanainuka na kwenda zao. Huu wa mpwa wangu ulikuwa na jambo jingine. Kila aliposhinda vita alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Gemu yenyewe inaitwa Cult of the Lamb. Ilitengenezwa na Massive Monster, kampuni ndogo ya Melbourne, Australia, ikatolewa tarehe 11 Agosti 2022, na katika wiki ya kwanza pekee ikauza nakala milioni 1. Hadithi yake ni ya mwanakondoo aliyetolewa kafara. Mungu mmoja aliyefungwa minyororo anamrudishia uhai na kumvika taji, kwa sharti kwamba aanzishe dini kwa jina lake. Kuanzia hapo mchezaji ana kazi mbili. Kwanza aingie katika misitu na mapango ya adui, chumba baada ya chumba, na vyumba hivyo hupangwa upya kila aingiapo, kwa hiyo hakuna njia ya kukariri. Huko anapigana, anaokota mbao, mawe, mbegu na sarafu, mara nyingine anamwokoa mfungwa. Kisha arudi na alichopata akajenge makazi: mahali pa kulala, shamba, jiko, vyoo, hekalu, hata makaburi. Wafuasi wake wanakula, wanaugua, wanazeeka na kufa. Uchafu usipozolewa maradhi yanaingia. Njaa ikizidi imani inashuka, na mmoja akianza kunung’unika huwatia wengine maneno.

Lililonishika zaidi ni kwamba saa haisimami. Wewe ukiwa pangoni, kule nyumbani jua linachomoza na kutua kama kawaida. Ukichelewa kwa tamaa ya sanduku moja zaidi, unarudi na kukuta mtu amekufa na hajazikwa. Tena nguvu za vitani zenyewe zinatoka nyumbani, maana ni mahubiri ya hekaluni yanayomwongezea mwanakondoo uwezo wa kupigana. Mchezaji anayedharau jiko na choo atapigwa pangoni, hata awe na vidole vyepesi kiasi gani.

Mbinu hii ina wazee wake. Kuzurura katika mapango yanayobadilika kila mara kulianza kujulikana kwa Rogue, gemu iliyoandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mnamo 1980, ambamo picha zote ni herufi za kawaida za kompyuta. Mwaka 1997 kampuni ya Bullfrog ya Uingereza ilitoa Dungeon Keeper, na humo mchezaji ndiye mwenye pango: analichimba, analisha majeshi yake na kuwangoja mashujaa waje kuvamia. Miaka 21 baadaye Wahispania walitoa Moonlighter, habari za mwenye duka anayeingia mapangoni usiku ili apate cha kuuza mchana. Mimi ninayoipenda kuliko hizo zote ni Darkest Dungeon ya Red Hook Studios kutoka Vancouver, Kanada, iliyotoka rasmi Januari 2016. Mashujaa wake wanarudi kutoka vitani wakiwa wamevurugika akili. Wengine wanaona vivuli, wengine hawaaminiani tena, na mchezaji asipowapeleka kijijini wakapumzike, wakasali au wakatibiwe, safari inayofuata watakufa. Ni gemu chache sana zinazokiri kwamba anayepigana huumia mahali pasipoonekana.

Lakini kuhusu mwanakondoo huyu kuna jambo siwezi kulipita nikiwa Mkenya. Aprili 2023, miezi minane baada ya gemu hii kutoka, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini, watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Walikuwa wafuasi wa mhubiri, na walikuwa wamefunga chakula hadi kufa wakiamini wanaelekea mbinguni. Ndani ya gemu hii mna ibada ya mfungo ambayo kiongozi anaweza kuiamuru. Mpwa wangu alipofika hapo kwenye orodha aliipita haraka, akanitazama, akasema, “Hiyo mimi siigusi, mjomba.” Hakuna aliyemkataza. Watengenezaji wa Melbourne hawakuijua Shakahola, na sina la kuwashtaki, lakini kijana wa Kenya hawezi kuongoza kundi la waumini wenye njaa, hata wakiwa wa katuni, bila kukumbuka.

Nililala nikiwaza kwamba umbo la gemu hii ni zuri kuliko hadithi iliyotiwa ndani yake. Umbo ni la kuazima. Hadithi tunayo yetu, na kwa bahati iko palepale dirishani kwa dada yangu.

Mvua ilipokatika asubuhi nilitoka nje. Atokaye Mamboleo na kutazama kusini mashariki anauona uwanda wa Kano, mpana na bapa, mashamba ya miwa na mpunga yakijinyoosha hadi macho yachoke. Akigeuka kaskazini na mashariki anaona ukuta wa milima: Riat, Kajulu, na mbele zaidi mteremko unaopanda hadi Nandi. Barabara ya Miwani inachepuka hapahapa Mamboleo na kuteremka katikati ya nchi hiyo. Kila mtoto aliyekulia huku amesimuliwa yaliyotokea kati ya uwanda ule na milima ile.

Luanda Magere alikuwa mpiganaji wa Kano. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi, ambao wazee wetu waliwaita Lang’o, ilivunjika kifuani pake, na peke yake aliweza kurudisha nyuma kikosi kizima. Waliposhindwa kwa silaha walimpa binti mzuri awe mkewe. Wazee wa Kano walimwonya, hakusikia. Siku moja aliugua, na mke wake mkubwa hakuwapo, basi akamwita yule binti amchanje na kumpaka dawa. Wembe haukupenya mwilini. Magere akamwambia achanje kivuli. Kivuli kikatoka damu. Usiku binti akatoroka akapanda mlima, akawaambia watu wake alichokiona, na katika vita vilivyofuata mkuki ulirushwa kwenye kivuli. Magere akaanguka, akageuka jiwe, na jiwe hilo lipo Kano hadi leo, watu huonyeshwa. Husemwa kwamba wawindaji walikuwa wakinolea mikuki yao juu yake kabla ya kwenda kuwinda.

Hadithi hii nimeisikia ikisimuliwa kama onyo la kuoa kwa adui, na kila mara hukumu humwangukia mwanamke. Mimi siioni hivyo. Binti yule alipelekwa ugenini kama silaha, akaifanya kazi aliyotumwa, na upande wa pili wa mlima ule anastahili kuhesabiwa kuwa aliwaokoa ndugu zake. Mwenye kosa ni Magere. Alikuwa bingwa wa uwanjani asiyejua kinachoendelea chini ya paa lake mwenyewe. Hakujua nani yuko nyumbani na nani hayupo, nani ana uchungu gani moyoni, siri ipi isemwe mbele ya nani. Hakushindwa pigano hata moja hadi alipougua kitandani.

Sasa iweke hadithi hiyo katika umbo lile la gemu. Vita vyako ni vyepesi kupita kiasi, kwa sababu mwili wako ni jiwe. Unakwenda vitani, unashinda, unarudi na ng’ombe. Hatari yote iko nyumbani. Mke mkubwa amekasirika amerudi kwao, ghala limepungua, homa inakupanda, na mbele yako amesimama mtu anayeuliza swali dogo la upole. Unajibu nini? Mtengenezaji yeyote wa gemu angelipa fedha nyingi apate fumbo kama hilo.

Kiswahili kwa upande wake kililiona jambo hili zamani. Boma ni ngome, na boma ni ua wa kufungia mifugo. Kule Tanzania, ofisi za serikali za enzi ya Wajerumani bado zinaitwa boma, na hapa Kenya mtu akisema anaenda bomani kwao, anaenda kwa mama yake. Neno moja limechukua pa kupigania na pa kulala.

Nako kupanga boma ni elimu yenye kanuni ngumu kuliko za gemu yoyote niliyoiona. Katika dala, yaani boma la Kijaluo, nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazamana na lango. Nyumba ya nyachira, wa pili, hukaa upande mmoja, ya wa tatu upande wa pili. Wavulana hujenga simba zao, yaani nyumba za vijana, karibu na lango, kwa kupokezana pande kufuata kuzaliwa, na kwa kukaa hapo huwa pia walinzi wa kwanza. Maghala yana mahali pake, zizi lina mahali pake, na mzee ana duol yake, kibanda anachopokelea wanaume na kuamulia mashauri. Anayetoka kwa baba yake kuanzisha boma jipya haondoki kiholela: huondoka na mkewe na mwanawe wa kwanza, na hubeba jogoo na shoka. Mdogo hatangulii kujenga kabla ya mkubwa. Mpangilio huu ukivunjwa, wazee husema chira huingia: kukonda, kuugua, misiba isiyoisha.

Msomaji anaweza kuamini chira au asiamini. Mchezaji wa gemu ataielewa mara moja. Umejenga simba ya kitinda mimba kwanza kwa sababu ilikuwa na mbao za bei nafuu, basi siku ya saba ng’ombe wanaanza kudhoofika na hujui kwa nini, mpaka uende duol ukamuulize mzee. Gemu nyingi za kujenga makazi zinakuacha uweke nyumba popote palipo wazi. Hii ingekudai uwajue jamaa zako kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo.

Na ngome zenyewe tunazo, za mawe. Katika Kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi ya mji wa Migori, liko Thimlich Ohinga. Thimlich ni msitu mnene wa kutisha, ohinga ni ngome au kimbilio. UNESCO iliuandika mji huo wa mawe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Inakadiriwa ulijengwa katika karne ya 16, na baada ya hapo jamii moja iliupokea kutoka kwa nyingine, Wabantu na Waniloti, kila moja ikikarabati ilichokikuta, mpaka watu wakahama mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa mita 1 kwa wastani, na hakuna tone la saruji wala udongo wa kushikilia. Mawe ya nje na ya ndani yamepangwa yakabanana, katikati yakajazwa mawe madogo, uzito wa jiwe moja ukilishika lingine. Mna maboma manne makubwa, Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch, na Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Mabaki ya ngome za namna hii katika sehemu zile za kusini mwa Nyanza yanapita 500.

Mara ya kwanza nilipofika Kochieng, mlango ulinifunza zaidi ya ukuta. Ni mfupi. Mtu mzima haingii amesimama. Lazima uiname, na ukiinama shingo yako inatangulia. Ndani, kando ya mlango, palikuwa na mahali pa mlinzi. Adui akija na watu 30, hao 30 wanakuwa mmoja mmoja, na kila mmoja amekuja akiwa ameinamisha kichwa. Hata adui asipokuwapo, mlango huohuo unamzuia ndama asitoke na fisi asiingie kwa urahisi. Ndani ya ua kuna alama za nyumba na mazizi, na nje kidogo kuna mahali walipofua chuma. Mwenye kupanga pale alijua wapi chuma kiyeyushwe, wapi ng’ombe walale, wapi mkuki usimame. Kazi hiyohiyo mpwa wangu huifanya kwa kidole gumba.

Hata lile onyo la kukawia pangoni tunalo. Kule Seme, magharibi ya Kisumu, kuna rundo kubwa la mawe linaloitwa Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja aliyapenda mawe yale na pango lake kiasi kwamba kila akiamka alikwenda kukaa humo siku nzima, na mkewe ikambidi amfuate na chakula huko. Watu walipomuuliza mzee yuko wapi, mama alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Mtu aliyekaa mno pangoni huku boma likimngoja. Walichokiandika wale wa Melbourne kwenye msimbo wa kompyuta, mama mmoja wa Seme alikitamka kwa sentensi moja.

Wakenya hatujalala katika kazi hii ya kutengeneza gemu. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, gemu ya Kenya yenye mwanamke shujaa anayesaka vitu vya kale, kisha yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa Nairobi X, wavamizi kutoka anga za juu wakiwa wameiteka Nairobi. Na tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na kampuni yake Surgent Studios. Humo Zau, kijana mganga, anamwomba mungu wa kifo amrudishie baba yake, na Salim aliiandika akiwa na msiba wa baba yake mwenyewe. Gemu hiyo inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipoisikia lugha yangu ikitoka kwenye spika za gemu ya kiwango kile nilinyamaza.

Ila zote tatu ni safari za kutoka. Nyangi anatoka, mpiganaji wa Nairobi anatoka, Zau anatoka. Hakuna anayepika, hakuna anayejenga, hakuna anayezika. Boma halijapata gemu yake, na ndilo tunalolijua kuliko lolote.

Na hili la boma liko ndani ya uwezo wa watu wachache. Massive Monster ilianza na marafiki wachache tu. Gemu za aina hii hazihitaji miji mikubwa iliyochorwa jengo kwa jengo. Zinahitaji vyumba vinavyojipanga upya, michoro ya bapa yenye mkono mzuri, na kanuni zilizofikiriwa vizuri. Godot, programu ya kuundia gemu, hutolewa bure kwa mtu yeyote. Kisumu ina vijana waliojifunza kuandika programu LakeHub na katika vyuo vyetu, na nimewaona wakitengeneza mifumo ya kupokea malipo na ya kuuzia samaki. Wanaoweza kuhesabu omena wanaweza kuhesabu mtama wa ghala la gemu.

Kinachokosekana ni kwenda kuuliza. Kanuni za dala hazifanani kila mahali. Za Alego zaweza kutofautiana na za Kano, na mama anajua mambo ya jikoni ambayo mzee wa duol hajui. Wanandi nao waulizwe habari zao kwa heshima. Gemu ya Magere iliyotengenezwa na upande mmoja wa mlima itakuwa nusu ya gemu.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi mnaokesha na kompyuta Kondele, Milimani, Nyalenda na hapa Mamboleo. Anzieni Makavazi ya Kisumu, kando ya barabara ya Nairobi. Mle ndani mna Ber-gi-dala, boma kamili la Kijaluo lililojengwa kwa kimo chake halisi, lenye nyumba za wake watatu na ya mtoto wa kwanza. Chukueni vipimo, choreni ramani, ulizeni kwa nini kila kitu kipo kilipo. Kisha changeni nauli mwende Thimlich Ohinga mkapite mlango wa Kochieng mmoja mmoja. Mkishapata boma la kwanza linalochezeka, hata likiwa na ng’ombe wawili na ghala moja, lileteni Mamboleo. Mpwa wangu ameniahidi kwamba ataweka kando mwanakondoo wake siku hiyohiyo.